Siku moja kwenye dirisha la dawa, Mombasa

Saa mbili asubuhi. Foleni imeshaanza. Wengi wamefuata ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, katika kidonge kimoja cha kila siku: tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300, dolutegraviri 50. Hiki hakina ugomvi na chakula. Mahamri na mbaazi sawa, tumbo tupu sawa. Adui yake ni madini: chuma, kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki. Dolutegraviri ikikutana nayo tumboni hushikana nayo, na iliyoshikana haipenyi ukuta wa utumbo. Inaishia chooni.

Saa nne. Wajawazito wanafika na vidonge vyao vya kuongeza damu. Hapa hatuna haraka.

"Mamangu, hizi za damu wazimeza saa ngapi?"

"Usiku, pamoja na zile nyingine. Nisije nikasahau."

"Baada ya kula?"

"Chai ya rangi tu, chakula chanichefua."

Kumeza pamoja si kosa, mradi kuna mlo wa kweli. Bila mlo, ARV itangulie chuma kwa saa mbili, au ingoje saa sita baada yake. Anayemeza ARV saa mbili usiku asiguse chuma kuanzia saa nane mchana hadi saa nne usiku. Hesabu hiyo hakuna anayeibeba kichwani, kwa hiyo tunaandika kwenye pakiti: damu asubuhi, ARV usiku.

Saa saba. Kiungulia, na mji huu wa viazi karai na pilipili haukosi kiungulia. Dawa nyeupe ya maji mara nyingi ina magnesiamu na alumini, na hiyo haiokolewi hata na sahani ya pilau: ni zile zile saa mbili kabla, sita baada. Ukiuliza "watumia dawa nyingine?" utajibiwa hapana, kwa maana hiyo ya dukani haihesabiwi kuwa dawa. Uliza: tumbo likichoma, wanywa nini?

Saa nane. Walio kwenye ARV nyingine, atazanaviri 300 na ritonaviri 100, mambo kinyume: inataka chakula na inataka asidi ya tumbo. Omeprazoli, dawa nyingine ya kiungulia, huikata asidi hiyo, na dawa haiyeyuki vya kutosha. Dereva wa tuktuk atafunaye muguka, majani ya kuchangamsha, hana hamu ya kula mpaka usiku. Basi saa yake ya dawa iwe usiku, baada ya ugali, si asubuhi na kahawa chungu kwa sababu tu kadi imeandikwa asubuhi.

Saa tisa, bibi na mjukuu. Vidonge vya mtoto vya kuyeyusha: maji safi, anywe ndani ya nusu saa, kikombe kisuuzwe na maji yale ayanywe pia.

Saa kumi, mafaili ya waliopanda wingi wa virusi kwenye damu. Wepesi wa kusema "hamezi" haufai. Kabla faili halijaenda kwa daktari tunajaza: saa ya ARV, saa ya mlo mkubwa, na kila kidonge, unga au chupa iliyomo nyumbani, hata multivitamini aliyoletewa na shemeji.