Maji huanzia chooni

Watu wakisikia naishi Tudor, Mombasa, hatua chache kutoka kwenye mikoko, hudhani mafuriko hubisha hodi mlangoni. La. Kwangu maji huanzia chooni. Kwanza tundu la bafuni hukoroma, halafu hutoa povu, kisha maji meusi yapanda taratibu mpaka kizingitini. Yakifika hapo sina hata nusu saa.

Mimi ni mpishi wa mahamri. Saa kumi alfajiri niko macho nasukuma, na kwa miaka sikujua kwamba saa yangu na saa ya bahari ni moja. Hapa kwetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa saa kumi kwenda saa kumi na moja, alfajiri na alasiri. Aliyenifunza ni Ami wa nyumba ya pili, mvuvi wa zamani, na alinifunza siku mbaya. Ilikuwa Novemba 2023, ile mvua ya El Niño haikatiki. Alinikuta nazoa maji kwa ndoo, akasimama nje kikoi kakipandisha magotini.

"Wahangaikia nini, mwanangu? Mvua haina pa kwendea. Bahari imeziba mtaro. Ngoja yapwe."

Nilikasirika. Mfuko wa unga wa kilo 50 umeshanyonya maji kwa chini, nikiushika vidole vyazama kama kwenye uji. Chini ya meza kaa mdogo mwenye gando moja kubwa jekundu apita polepole kama mteja anayechagua. Na huyu mzee aniambia ningoje! Lakini kufika saa mbili bahari ikawa imeteremka, mtaro ukaanza kuvuta wenyewe, na sebule ikabaki tope tupu. Mvua ilikuwa bado yanyesha.

Tangu siku hiyo mvua peke yake hainitishi. Mdomo wa mtaro wetu uko chini, bahari ikijaa huufunika, na kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3. Mvua kubwa wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, nalala. Mvua ya wastani siku mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, silali. Kalenda yangu ya ukutani imejaa miviringo ya kalamu nyekundu, wageni hudhani ni madeni.

Mei 2024 kilipotangazwa Kimbunga Hidaya, simu kutoka bara hazikukoma. Nilipandisha friji juu ya mawe manne. Ami akahesabu vidole: "Leo mwezi ishirini na tano, kwa hesabu ya mwandamo. Maji bado madogo." Kimbunga kikaishia upande wa Mafia, Tanzania, kikalegea. Sisi tukapata upepo na mawimbi, bafu halikukoroma hata kidogo. Ila bati moja la jikoni liling'oka, na kuhusu bati Ami hakuwa amesema neno.

Kinachoniudhi ni mtaro wenyewe. Kiangazi kimoja walikuja vijana na makoleo, wakauchimba vizuri kabisa, tukawapa maji ya kunywa na mahamri ya bure. Udongo wote wakaurundika ukingoni wakaenda zao. Mvua ya kwanza ya masika ikaurudisha ulikotoka, pamoja na chupa za plastiki. Huko chini, mikoko iliyokuwa ikizuia takataka na mawimbi imekatwa kuni, na penye njia ya maji pamesimama ukuta wa mtu.

Leo ni mwezi kumi na tano, mwezi mpevu. Mvua imeanza baada ya Isha. Unga uko juu ya kabati, swichi kubwa ya stima nimezima, tundu la bafuni nimelifunga kwa tambara na kulikandamiza kwa jiwe. Naandika kwa simu, na chaji yaisha. Mahamri ya kesho huenda yakachelewa. Wateja wangu wa asubuhi, mniwie radhi.