Mashine Iliyovuka Malaba

Binti yangu wa gredi ya sita amekuja na kazi ya nyumbani: ataje manufaa ya kupigwa marufuku kwa mifuko ya plastiki. Akaniuliza, "Baba, na wale waliokuwa wakiitengeneza walienda wapi?" Nikamwambia watu walienda makwao. Kampala ilienda mashine.

Tangazo la marufuku hapa Kenya lilitoka Februari 2017, tukapewa miezi sita. Faini milioni 2 hadi 4, au jela. Sisi wa viwanda vya Industrial Area, Nairobi, tulicheka. Serikali ilikuwa imejaribu 2007 na 2011 ikashindwa. Bosi hakucheka; alianza kutafuta nchi ya kuhamishia mashine. Rwanda, iliyoanza kunyang'anya watu majuala mpakani tangu 2008, hata hakuitaja. Uganda nayo ilikuwa na sheria yake ya 2009, ila majuala yaliuzwa sokoni mchana kweupe. Huko ndiko alikokwenda kutafuta godauni.

Siku ya kuing'oa mashine ya kupulizia, fundi mkuu aliomba aiwashe kwanza. Harufu ya nailoni moto ikajaa. Puto la plastiki likapanda taratibu kuelekea paa, refu kuliko nguzo ya stima, likitetemeka kila mlango ulipofunguliwa. Huko juu rola zikalibana, likateremka upande wa pili limelala bapa, likajizungusha kwenye roli. Ubavuni lilikuwa na mstari mwembamba, mwanzo hadi mwisho. Dai, ule mdomo wa chuma unaotoa plastiki, ilikuwa na mkwaruzo wa miaka mingi ambao bosi alikataa kuulipia. Fundi akaupitisha ukucha kwenye ule mstari.

"Hii ndiyo sahihi yetu," akasema, akazima. Puto likanywea.

Kreni, lori, mpaka wa Malaba. Fundi alienda nayo kuifunga na kufundisha vijana wa kule. Mimi nikapewa barua na mshahara wa mwezi.

Siku hizi mvua ikinyesha mtaro wetu hauzibi kama zamani, hilo siwezi kulikana. Sheria ilifanya kazi yake, hadi mpakani.

Mwaka uliofuata, Gikomba, kijana alinitolea bunda la majuala kutoka ndani ya koti. Yametoka wapi? "Busia, mpakani." Nikalinyoosha moja, nikaligeuza kwenye mwanga. Mstari huo hapo, ubavuni. Lakini mashine zenye dai iliyokwaruzika ni nyingi, na bosi wabahili pia.

"Mzee, unanunua ama unasoma?" akaniuliza. "Askari wa kanjo wako hapo kwa kona."