Mashini ya 2012: nitengeneze ao niuze ingine?

Juzi etidia moya alikuya ku sekretaria yangu (kaduka ka kuandikia na kutosha bantu makaratasi) pale Kassapa, karibu na kampusi ya UNILU, iniversite ya Lubumbashi, saa mbili ya asubui, kle USB mu mukono, anataka paka niingize masahihisho ya kurasa tatu za TFC yake (ile kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo) juu direktere wake, mwalimu mwenye anaisimamia, alikuwa anamungoya. Nilifinya buto ya mashini, laptopu yangu ya kazi. Tuliongea ya joto, tuliongea ya tarehe ya depo ya baTFC yenye ilisogezwa, alienda kuuza mandazi kwa mama wa pembeni, alirudi, alikula yote mbili, na mashini ilikuwa bado inazungusha kale kaduara kake. Dakika 11, nilipima ku simu. Aliniambia na heshima yote, "mama, acha nipite kwa bale ba pale chini", alienda, na franka yangu ilienda naye.

(Ba Dar es Salaam na ba Nairobi mutanisamehe: huku Lubumbashi kuuza njo kununua, ile yenu ya kuuza siye tunaita kuuzisha. Kutosha njo kutoa, na paka njo tu. Mushike hivyo mpaka mwisho, kama hapana mutasoma hii habari kichwa chini.)

Bon. Mashini yenyewe ni ya 2012, ilitoka ku biro moya ya Ubelgiji, okazio (mutumba), yomba wangu aliniletea mu 2017. Ni nzito kama tofali la kuchoma, prosesere (ubongo wake) i5 ya jenerasio ya tatu, RAM (nafasi ya kufanyia kazi) giga 4, disiki ya kuzunguka ya giga 320, klavye AZERTY, ile ya Kifaransa, yenye herufi A na E zimefutika kabisa. Iliandika baTFC na bamemwari sijui ngapi, ilisomesha batoto bangu wawili, donk kuitupa haiko kintu cha kusema asubui moya na kasirani.

Shemeki yangu, mwenye anajua bintu yote ya dunia, alisema mashini ya miaka 13 haitengenezwi, inatupwa. Na palepale, kama vile bahati, alikuwa na rafiki mwenye anauzisha balaptopu bapya mu karto, dola 240, "mupya kabisa shemeki, ata plastiki haiyatoka". Aliniachia moya usiku muzima nijaribu. Inang'aa, nyembamba, nyepesi, ukiibeba unajiona uko mukubwa wa biro. Nilitafuta mu parametri nione ndani kuko nini: prosesere Celeron, ile ya bei ya chini, RAM giga 4 yenye imelehemwa ku karte mere, ile karte kubwa yenye inashika yote (haiongezeki, ata Mungu ashuke), na nafasi ya kuweka bafishye giga 64, ya ile aina eMMC, yenyewe pia imelehemwa. Ukitosha Windows 11 na bintu byake, kunabakia kanafasi kadogo sana. Mupya ni mupya ya karto, kazi itafanya kama muzee. Hapa njo nilianza kuona kama swali ya shemeki, mupya ao ya zamani, haikuwa swali yangu.

Na kuko mambo ya klavye. Bamashini zenye zinapitia Dubai mingi ziko QWERTY, ile ya Kiingereza, na miye naandika bila kuangalia vidole tangu miaka 15. Nilijaribu kuandika "mémoire", ilitoka ";2;oire". Nilicheka peke yangu. Bon, unaweza kuambia mashini kama klavye ni ya Kifaransa na vidole binarudi mu njia yao, hiyo minajua, lakini mutoto wa dada yangu mwenye ananisaidia mu sekretaria yeye anaangalia herufi, anafinya Q anapata A, anakasirika. Kuko bale banabandika tustika, tunatoka na jasho kiisha mwezi moya. Tena klavye ya QWERTY ya Marekani iko na buto moya pungufu, kale ka < na > kenye kanakaa karibu na Maj ya kushoto, na kama unaandika TFC za etidia wa informatike utakatafuta siku nzima.

Nilirudishia shemeki laptopu yake na heshima. Hakufurahi.

Kisha nilipeleka ile muzee kwa teknisye wa kwanza, muntu wa bulo nzuri na karte ya vizita. Hakuifungua. Aliiwasha, aliangalia kidogo, alitingisha kichwa kama munganga: "mama, karte mere inakufa, haina faida, niachie tu, nitakupa dola 20 ya bapyesi". Nilimuambia aifungue mbele yangu nione hiyo kufa, alisema haiko lazima. Sasa, muntu mwenye anakuambia kintu chako kinakufa na mu dakika ileile anataka kukiuza, unamushukuru na unabeba mashini yako.

Wa pili ni kijana, meza yake iko chini ya parasoli kule mujini upande wa Posta. Hakusema kintu. Alifinya Ctrl, Shift na Esc pamoja, na alinionyesha ekrani: prosesere asilimia 9, RAM asilimia 70, disiki asilimia 100, na ilibakia 100 dakika nzima. "Mama, uko unaona nani njo anachelewesha bengine?" Minasema kweli, hii njo kintu cha kwanza ningependa kila muntu afanye mbele ya kutosha franka yake, juu ni bure na haiitaji teknisye. Ile disiki ya zamani iko na sahani ndani yenye inazunguka mara 5400 mu dakika moya na kasindano kanakimbia huku na kule kutafuta bintu, na Windows ya leo inaomba bintu elfu moya kwa mara moya, kasindano kanachoka. Alipima afya yake na kaprogramu, sekta zaidi ya 200 zilikuwa zimeharibika na kuhamishwa. Disiki ilikuwa inakufa kweli, lakini disiki haiko karte mere.

Kisha alifungua chini, na hapa nilipata haya. Munajua vumbi nyekundu ya hapa kwetu, kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua ya kwanza, inaingia mu mafuniko ya sufuria, sembuse mashini yenye inavuta hewa siku nzima pembeni ya barabara ya udongo. Pale hewa ya moto inatokea, kwenye tubapa twa shaba, kulikuwa blanketi. Haiko mufano, blanketi kweli, aliitosha nzima na pensi, nyekundu, nene kama biskuti. Miaka nane hakuna muntu aliifungua. Prosesere ilikuwa inafika digrii 95, na ikifika pale inajipunguza mbio yenyewe juu isiungue, donk mashini inakuwa polepole na weye unasema ni uzee. Alipiga hewa, alifuta ile pate ya zamani ya kupitisha moto yenye ilikuwa imekauka kama chokaa, aliweka ingine, na jioni ilikuwa digrii 62. Dola 10 kazi yote. Kelele ya vantilo, yenye batoto balikuwa banaita "ndege ya Luano" (eropoo yetu), iliisha.

Lakini mbele ya kumuachia disiki nilimuambia ngoya. Kuko historia. Mwaka mumoja nilipeleka mashini ingine kwa teknisye moya (sitamutaja) juu ya virusi tu, kutosha virusi, na alifanya formataji bila kuniuliza, anarudisha mashini safi, inang'aa, na picha za kilio cha mama yangu hazimo tena. Hazimo popote. Alisema, "lakini mama, ulisema nisafishe". Tangu ile siku hakuna muntu anagusa mashini yangu mbele nitoe kopi, na kama disiki inakufa unaanza na byenye huwezi kuandika tena, picha, makaratasi ya kiwanja, baTFC zenye hazijalipwa, muziki na sinema mwisho. Nilikopa disiki ya inje kwa jirani, nilikopia usiku muzima, umeme ulienda mara mbili, nilianza tena mara mbili.

Aliweka SSD, ile disiki yenye haina sahani wala kasindano, ya giga 240, dola 32. RAM aliongeza giga 4 ya okazio, dola 8, ile DDR3 ya zamani yenye hakuna muntu anaitaka tena, njo juu bei ni chini. Na kapile kadogo ka duara, CR2032, ka volti 3, kenye kanashikilia saa. Hiyo ilikuwa inanisumbua sana bila kujua: kila siku umeme ukienda na nikitosha batri, tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na basite zote za intaneti zinakataa kufunguka juu zinaona tarehe haiko ya kweli, miye nalaumu intaneti. Kapile kako ku bale banatengeneza masaa, dola moya ao mbili, kwa mashini yangu tu kalikuwa kamefungwa na tunyuzi tuwili, alikalehemu.

Batri kubwa sasa. Nilifanya ile amri ya powercfg /batteryreport, inakupa ukurasa yenye inasema batri ilizaliwa na nguvu ngapi na imebakia na ngapi. Yangu ilizaliwa na 60 000 mWh, imebakia na 7 900. Dakika 14 na inazima. Batri ya kopi ni dola 35, na hapa minaomba niseme kidogo kasirani yangu: batri nyingi za laptopu ziko na kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka hapa Kongo, upande wa Kolwezi na Fungurume, malori zinapita Lubumbashi mbele yetu usiku na muchana zinaenda Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, na siye tunaingoya irudi mu batri ya kopi yenye inaandikwa nguvu nyingi na ukiibeba ni nyepesi kama karto tupu. Na ata ile ya kweli yenye ilikaa mu stoku miaka mingi, lityumu inazeeka ata kama hakuna muntu anaitumia. Sikuiuza. Umeme ukienda emprimanti inazima na kliya anaenda, masaa mane ya batri itanisaidia na nini? Dakika 14 zinatosha kuweka kazi na kufunga. Kama ningekuwa naandika nyumbani usiku mu delestaji, pale banakata umeme, ningeiuza siku ileile.

Windows njo ilininyima usingizi. Microsoft ilifunga Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaomba TPM 2.0, kachipu ka usalama, na, kwa Intel, mingi kuanzia jenerasio ya nane. Yangu ya tatu. Mashini haizimi, inaendelea, lakini haipati tena madawa ya usalama, ila ujiandikishe ku ule mwaka moya wa nyongeza wenye unafika mpaka Oktoba 2026. Na miye siku nzima napokea bakle za bantu, kle yenye imepita ku bamashini makumi mbili mu kampusi, ile virusi ya kuficha badosye na kuacha paka tu-rakursi, tunjia tufupi twa uongo. Kijana alisema niweke Linux Mint pahali pa Windows, na nilijaribu wikiendi moya, ni nzuri, ni nyepesi, ile virusi haina cha kufanya mule. Lakini etidia analeta Word, nafungua mu LibreOffice, ile Word ya bure, tabo ya mambo (orodha ya vichwa na kurasa) inasogea, kurasa ya 43 inakuwa 45, na direktere anasema mama wa sekretaria aliharibu. Hapana. Nyumbani ndiyo, ku sekretaria hapana, haiyafika. Nilijiandikisha ku ule mwaka.

Donk nilitosha dola 52. Bengine banasema matengenezo ikipita nusu ya bei ya mashini mupya, acha. Miye naona hiyo hesabu inasahau kuuliza ni nini njo imekufa. Disiki, vantilo, RAM, batri, klavye, ata ekrani, ile ni mupira wa gari, unabadilisha na unaenda. Ikiwa karte mere ao ile chipu ya picha, acha. Minajua kwa macho yangu, mashini yangu ya mbele ya hii baliipika chipu na hewa ya moto, dola 40, iliishi wiki mbili na ilizima tena mu katikati ya konklizio ya muntu. Hiyo njo hela ya kutupa.

Na sidanganyi kama hii muzee itafika mbali. Oktoba 2026 naiona toka hapa. Kila posho (wiki) natia kitu mu kikopo, nataka okazio ya jenerasio ya nane, AZERTY, RAM yenye inatoka na kuingia, chini yake kuko bisi (skrubu) za kawaida si gundi, na hapo hii muzee itaenda nyumbani na Linux yake batoto babishane nayo.

Kwa sasa inawaka mu sekunde 24. Yule etidia wa mandazi alirudi, alisema kule chini walimulipisha mara mbili, na alileta kle ileile. Acha niende, niliitia na antivirusi tayari imeanza kulia.