Pampu ya Celica

Juzi jioni fundi wa simu alikuwa akilehemu tundu la chaji la simu ya binti yangu, na moshi mweupe wa risasi ya kulehemia ulipotufikia usoni binti akaziba pua na kurudi nyuma, akaniuliza kwa nini mimi nimeinama ninauvuta. Nilimwambia nitamweleza nyumbani. Tulipofika nyumbani niliona ni afadhali niandike, kwa kuwa habari yenyewe ni ndefu, na Mjomba, ambaye angeisimulia vizuri kuliko mimi, hayupo tena.

Ilikuwa mwaka 2006. Maji ya Ziwa Viktoria yalikuwa yameshuka sana, na sisi wa Walukuba, mjini Jinja, tunaoishi karibu na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, tulikuwa tukipata umeme kwa zamu kama watu wengine wote nchini. Kaka alikuwa amerudi kutoka Kampala na ile Toyota Celica nyekundu, akaiegesha chini ya mfenesi, na tangu siku hiyo Mama alilazimika kuanika nguo kwa majirani.

Ilikuwa ya muundo wa ST182, yenye injini ya 3S-GE ya lita mbili isiyo na turbo, yaani feni ya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, ya nguvu za farasi 165 kwa hesabu ya kiwandani. Mtu mwingine angetosheka nayo. Kaka alijua kwamba Celica ya kizazi hicho hicho, kwa jina la GT-Four ST185, ilitoka kiwandani na injini ya 3S-GTE yenye turbo na nguvu za farasi 225, na kwamba magari ya aina hiyo ndiyo yaliyoshinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo: mwaka 1992 Carlos Sainz, mwaka 1993 Juha Kankkunen, na mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya. Majina hayo aliyataja hata mezani. Baba, aliyezikumbuka enzi ambazo Safari ilikuwa bado ikipita Uganda, alimjibu kila mara kwamba Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z isiyo na turbo. Walibishana hivyo mwaka mzima, lakini injini ya turbo aliyoitaka Kaka ilipopatikana Kisekka, soko la vipuri mjini Kampala, Baba ndiye aliyeongeza fedha zilizopungua, akakaa yeye mwenyewe nyuma ya pikapu kuilinda tangu Kampala, wakaupita msitu wa Mabira, hadi nyumbani.

Kazi ya chuma sitaisimulia sana. Injini ya zamani ilinyanyuliwa kwa mnyororo uliofungwa kwenye tawi nene la mfenesi, mpya ikateremshwa mahali pake, na kwa kuwa injini hizo mbili ni za ukoo mmoja, zote zikiwa na silinda za kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 86, giaboksi la zamani lilishikana na ile mpya bila kulazimishwa. Boneti ilibidi itafutwe nyingine yenye tundu la hewa, kwa sababu kipoza hewa ya turbo katika injini hiyo hukaa juu yake. Wapita njia walisimama kutazama, na wengine walishika mnyororo bila kuombwa. Kazi ya nyaya ilipoanza, hakuna aliyesimama.

Hiyo ilikuwa kazi yangu na Kaka. Injini ilikuja na kompyuta yake na fungu la nyaya lililokatwa kwa haraka huko ilikotolewa, na mikia mingi ya rangi mbalimbali ilikuwa imefungwa tepu nyeusi. Tulikuwa na nakala za michoro ya umeme yenye maelezo ya Kijapani, ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma, lakini alama za pini ziliandikwa kwa herufi tunazozijua: +B, STA, IGT, IGF, NE, THW, VTA. Mimi, niliyekuwa nimetoka kumaliza kidato cha sita na fizikia ikiwa bado mbichi kichwani, nilizisoma kwa sauti, Kaka akatafuta waya wenye rangi iliyoandikwa, tukaupima kwa mita ya umeme mwanzo hadi mwisho, ndipo tukauunga. Kila tulichokiunga kilikuwa kimeungwa sawasawa. Nalisema hilo kwa sababu baadaye watu walitangaza mtaani kwamba gari lile liliharibiwa na watoto.

Siku Kaka alipopiga stata kwa mara ya kwanza, injini ilizunguka, ikawaka kwa mngurumo mzito uliotutoa wote nje, na mara tu alipoachia ufunguo ikazima. Akapiga tena ikawaka, akaachia ikazima. Alipoendelea kuushikilia ufunguo, injini iliendelea kuwaka huku stata ikilia kwa uchungu, jambo ambalo hakuna stata inayoweza kulivumilia kwa muda mrefu.

Mafundi walikuja kwa hiari yao, kwa kuwa habari hizo husafiri. Mmoja alilaumu plagi, mwingine akalaumu kompyuta. Kaka alifungua kile kisanduku cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, akaunganisha pini ya TE1 na ya E1 kwa kipande cha waya, akawasha swichi ya ufunguo, na taa ya injini kwenye dashibodi ikapepesa kwa mwendo ulio sawa bila kukatika. Kompyuta ilikuwa inasema kwamba haioni kosa lolote. Hapo ndipo fundi mmoja kutoka mjini, mwenye uzoefu mkubwa na sauti ya mtu asiyebishiwa, alipochukua kipande kile kile cha waya na kukihamishia kwenye pini za Fp na +B. Pampu ya mafuta ikaanza kuvuma ndani ya tangi. Kaka akapiga stata, akaachia ufunguo, na injini ikabaki inawaka.

Kwa dakika chache ua wetu ulikuwa na shangwe. Fundi alitoa maagizo huku akijifuta mikono: pampu ipelekewe umeme moja kwa moja kutoka kwenye swichi, na kazi imekwisha. Kaka alikuwa ameshasimama kwenda kutafuta waya wa kutosha. Mjomba, ambaye muda wote huo alikuwa ameketi kwenye kigoda na kikombe chake cha chai, akauliza, “Wanangu, gari likipinduka na injini ikazima, pampu hiyo itazimwa na nani?”

“Mtu atageuza ufunguo, Mjomba,” Kaka akajibu.

“Mtu gani?”

Hakuna aliyejibu. Mjomba alikuwa fundi wa redio. Hakuwahi kumiliki gari, na fundi wa mjini alimwambia kwa heshima kwamba Mzee aachie magari wenye magari. Mjomba alikubali kwa kichwa, akaniomba michoro, akaisoma mpaka giza lilipoingia na zamu yetu ya umeme ikakatika.

Alichokigundua ni hiki, na nakieleza kwa kirefu kwa kuwa nimewasikia madereva wengi wakilalamika juu ya gari linalowaka na kuzima mara ufunguo unapoachiwa. Umeme wa pampu hupita kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, na rilei hiyo ina koili mbili za kuivuta. Koili ya kwanza hupata umeme wakati stata inapigwa, na ndiyo maana gari letu liliwaka. Koili ya pili ndiyo inayoishikilia pampu baada ya ufunguo kuachiwa, na inahitaji kupewa athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, na kitu kinachojua kwamba injini kweli inazunguka. Katika injini ya zamani, isiyo na mita ya hewa, kompyuta ndiyo iliyotoa athi hiyo kupitia waya wa Fc. Katika 3S-GTE ya ST185, kazi hiyo hufanywa na mita ya hewa yenyewe: ndani yake mna kilango kinachosukumwa na hewa inayovutwa na injini, na kilango kikifunguka kidogo tu, swichi ndogo hugusana na kutoa athi. Hewa ikikoma, kilango hujifunga na pampu huzima, hata kama ufunguo umewashwa na dereva hana fahamu. Petroli katika bomba la injini hiyo hukaa kwa mgandamizo mkubwa kuliko wa tairi la gari dogo, kwa hiyo bomba lililopasuka huku pampu inafanya kazi hurusha mafuta juu ya chuma kilichokuwa kikiwaka muda mfupi uliopita. Kompyuta ilisema hakuna kosa kwa sababu swichi ile haiisimamii yeye.

Waya wetu wa Fc kutoka kwenye rilei uliishia kwenye soketi ya kompyuta ya zamani. Waya wa Fc kutoka kwenye mita ya hewa uliishia kwenye mkia mmojawapo uliofungwa tepu, ambao michoro yetu ya kompyuta haikuutaja. Mjomba aliingia chini ya dashibodi na mita yake, akanyoosha mkono nje akitaka tochi, kisha akatuita tuone. Ncha zile mbili zilikuwa zimening'inia karibu karibu, hazikuachana hata shubiri moja.

Kulehemu ndiko kulikokuwa taabu, kwani umeme haukuwapo. Mjomba alikuwa na chuma cha kale cha kulehemia, chenye kichwa kizito cha shaba, kinachopashwa moto kwenye makaa, na Mama alimpa sigiri yake. Lakini alikataa katakata sigiri hiyo isogezwe karibu na gari lenye petroli. Ikabaki kwenye mlango wa jikoni, upande wa pili wa ua, na Kaka akawa akikimbia na chuma kile mkononi gizani, akipiga kelele watoto wapishe njia, huku Mjomba akimngoja amelala chali na risasi tayari. Kikifika kimepoa, alimrudisha. Hakuwahi kupaza sauti. Alisema tu, “Bado,” na Kaka akageuka na kukimbia tena, mpaka risasi ilipoyeyuka na kuingia katikati ya nyuzi za shaba, na ule moshi mweupe ukatoka polepole chini ya dashibodi ukachanganyika na harufu ya makaa na ya zulia la zamani la gari.

Kisha Mjomba hakumruhusu Kaka kupiga stata. Aliondoa kile kipande cha waya cha fundi kwenye Fp na +B, akakitia mfukoni, akafungua kifuniko cha chujio la hewa, akaniambia niingize mkono. Kaka alitumwa kuweka sikio kwenye kiti cha nyuma. Swichi ikawashwa bila stata. Nilikigusa kilango cha mita ya hewa kwa ncha ya kidole, nikahisi springi yake ikinipinga, nyepesi kuliko nilivyodhani, nikakisukuma kidogo. Kutoka nyuma ya gari pampu ikavuma. Nikaachia, ikanyamaza. Nikasukuma tena, ikavuma. Kaka alianza kucheka kule nyuma, akisema “tena, dada, tena,” na mimi nikarudia mpaka Mjomba aliposema betri itakwisha. Nilikuwa na vitabu vya fizikia vyenye michoro ya swichi na koili, na mtihani wake niliufaulu, lakini sijui kama nilikuwa nimewahi kuamini kwa mwili wangu kwamba jambo lililochorwa huku linaweza kutokea kule.

Injini iliwaka usiku huo na ikaendelea kuwaka. Baba alitoka na fulana yake, akasikiliza turbo ikipuliza, akasema Mehta angeipenda, na kwa upande wake hilo lilikuwa ni kusalimu amri. Kesho yake Kaka alimpeleka Mjomba mpaka Kakira na kurudi. Mjomba alikataa malipo, akapokea kilo ya sukari kwa sababu Mama ndiye aliyempa.

Kaka sasa ana gareji yake Kampala, na vijana humletea Subaru na Toyota za turbo waongezewe nguvu. Nilipomtembelea nilimwona akipeleka waya wa pampu moja kwa moja kutoka kwenye swichi, kama alivyoagiza yule fundi. Nilimuuliza mbele ya vijana wake, na hakukasirika. Alisema mteja halipii saa tano za kutafuta waya mmoja, na akikataa yeye, gareji ya jirani itaifanya kazi hiyo vibaya zaidi. Nilimwambia Mjomba hakuwa na mteja. “Ndiyo,” akasema, “na hakuwa na kodi ya gareji.” Siku hizi huwaeleza wateja njia zote mbili na bei zake, kisha wachague, na wengi huchagua ya bei nafuu. Mimi naona asingewapa nafasi ya kuchagua. Yeye anaona kwamba mtu mzima aliyeelezwa ameelezwa. Tumelizungumza mara nyingi na bado hatujakubaliana.

Gari langu ni la kawaida, lisilo na turbo. Mwaka jana nililipeleka kwake afunge kifaa cha kuzuia wizi, ambacho hukata umeme wa pampu, na alipomaliza nilimwomba anioneshe kwamba injini ikizima yenyewe pampu nayo inazima. Hakuniuliza sababu. Alimtuma kijana wake aweke sikio kwenye kiti cha nyuma, akasubiri ajibu, ndipo akanikabidhi ufunguo.