Kioo cha Maji na Magoti ya Abiria

Katika miaka ya 1970 baba yangu alikuwa fayamani, yaani mchochea moto, wa treni za mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, kwenye zile injini kubwa za Garratt za daraja la 59 zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock huko Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Siku nilipompigia simu kumweleza kwamba nimejiunga na klabu ya treni ndogo za mvuke hapa kaskazini mwa Uingereza, si mbali sana na mji zilikozaliwa injini zake, na kwamba injini ninayojifunza kuiendesha inanifika magotini, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu, juu ya ule mrija wa kioo unaoonyesha maji yamebaki kiasi gani katika boila, tangi yanamochemkia.

“Ina kioo cha maji?”

“Inacho, baba.”

“Basi hiyo ni injini, mwanangu. Iogope.”

Wanaotutembelea mara ya kwanza hudhani tunachezea vitu vya watoto, na sisi wenyewe hatusaidii sana tunapovaa kofia za madereva wa zamani tukiwa watu wazima wenye mvi. Lakini reli yetu, ambayo upana wake ni inchi 7 na robo, yaani milimita 184 hivi, hubeba abiria halisi, na injini zake huchoma makaa ya mawe halisi na kusukumwa na mvuke halisi. Nyingi zimetengenezwa na wanachama wenyewe katika vibanda vya nyuma ya nyumba. Mwenzetu mmoja alitumia miaka 17 kuimaliza yake. Injini ya namna hiyo inaweza kuvuta watu wazima kumi na zaidi bila kulalamika, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuhitaji uangalifu.

Siku ya kuendesha treni huanza saa mbili asubuhi. Kwanza nakagua magurudumu na breki, natia mafuta kila mahali panaposuguana, kisha najaza maji katika boila hadi yafike nusu ya kioo. Baada ya hapo naweka feni ndogo ya umeme juu ya bomba la moshi ili ivute hewa kupitia tanuri, natupa ndani vipande vya mkaa vilivyolowekwa kwenye mafuta ya taa, nawasha kiberiti, na moto ukishashika naanza kuongeza makaa ya mawe kwa koleo lisilozidi kijiko cha supu. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Halafu mshale wa geji ya shinikizo, ambao ulikuwa umelala kama umekufa, unatikisika kidogo, na bomba fulani linaanza kunong’ona. Nikishaona mvuke wa kutosha naiondoa feni, kwa kuwa tangu hapo injini inaweza kuvuta pumzi yake yenyewe.

Kabla ya kuondoka bandani kuna jambo ambalo sijawahi kumwona dereva mzoefu akiliruka. Kioo cha maji kinaweza kudanganya. Tundu linalokiunganisha na boila ni jembamba, na likizibwa na chokaa, maji yatabaki yametulia kiooni kana kwamba mambo ni shwari huku boila ikikauka. Kwa hiyo tunafungua koki ya chini ya kioo, maji yanatoka yote kwa kishindo, tunaifunga, kisha tunatazama: yakirudi upesi na kurukaruka, kioo kinasema kweli, yakirudi kwa kujivuta, moto unazimwa na injini haiendi popote. Kazi yote ni ya sekunde kumi. Nilipomsimulia baba alicheka, akasema kwamba kwao fayamani aliyesahau hilo hakupewa nafasi ya kusahau mara ya pili.

Sababu ya hofu hii ni rahisi kuieleza. Boila zetu nyingi hufanya kazi kwa shinikizo la baa 6 au 7, ambalo ni karibu mara tatu ya hewa iliyo ndani ya tairi la gari dogo, na maji yaliyomo yana joto la nyuzi zaidi ya 160 bila kuwa mvuke, kwa sababu shinikizo linayazuia. Ukuta ukipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutanuka zaidi ya mara 1,600. Maji yanapopungua hadi paa la tanuri likabaki wazi, shaba iliyokuwa ikipozwa na maji hayo inapata moto kupita kiasi na kulegea. Dereva asiye na uzoefu akiona hivyo hukimbilia kusukuma maji baridi ndani, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Linalotakiwa ni kuutoa moto kwanza. Ndiyo maana kila injini lazima iwe na njia mbili za kuingiza maji, kwa mfano injekta, inayosukuma maji kwa nguvu ya mvuke, na pampu ya mkono, ili moja ikigoma nyingine iokoe.

Hapa Uingereza mambo haya hayaachwi kwa hiari ya mtu. Boila mpya hujazwa maji baridi mpaka hewa yote itoke, kisha husukumwa kwa pampu hadi kufikia shinikizo mara mbili ya lile la kazi. Baadaye, boila ya shaba hurudia jaribio la maji kila baada ya miaka minne kwa mara moja na nusu, na kila mwaka huwashwa moto mbele ya mkaguzi ili aone kama valvu za usalama zinaweza kutoa mvuke wote bila shinikizo kuzidi kiwango kwa zaidi ya asilimia 10. Mkaguzi haruhusiwi kukagua boila yake mwenyewe, hata awe mjuzi namna gani. Bila cheti hakuna bima, na bila bima hakuna treni. Wageni huuliza kwa nini tunatumia maji badala ya hewa. Maji hayabaniki, kwa hiyo boila dhaifu ikishindwa hutoa tone au mchirizi tu, ilhali hewa iliyobanwa ingeirarua kama bomu. Nimewahi kushuhudia boila ya mwenzetu ikishindwa: tukiwa wanne tumeizunguka kwa tochi, shanga moja ya maji ilichomoza penye kiungo kilicholehemiwa, ikakua, ikadondoka. Mwenyewe aliifuta kwa kidole. Shanga ya pili ikachomoza. Akaifungua pampu bila kusema neno, akaenda kutengeneza chai.

Anayeona kwamba tunazidisha akumbuke yaliyotokea mwaka 2001 huko Medina, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ambako trekta la kale la mvuke lilipasuka kwenye viwanja vya maonyesho na kuua watu 5. Lile lilikuwa trekta kubwa, si dogo kama vyombo vyetu, lakini maji yaliyopungua na bamba lililoliwa na kutu ni maradhi yasiyojali ukubwa wa chombo.

Pamoja na hayo yote, sina budi kukiri jambo ambalo klabu nyingi hulisema kwa sauti ya chini. Katika miaka yangu hapa sijaona mtu aliyeumizwa na boila. Walioumia wameumizwa na vitu vya kawaida kabisa, navyo ni miguu, vidole, nguo, mwendo wa kasi na kujipinda. Hata Walt Disney, aliyejenga reli ya inchi 7 na robo nyumbani kwake Los Angeles, aliifunga mwaka 1953 baada ya injini kupinduka penye kona na mtoto wa kike kuunguzwa na mvuke uliovuja. Boila haikuwa na kosa. Dereva alikuwa mgeni aliyeingia konani kwa mwendo mkubwa.

Abiria wetu hukalia behewa kama mtu anavyokalia pikipiki, miguu huku na huku, na uzito wao wote uko juu ya reli isiyozidi upana wa kiganja cha mkono uliokunjuliwa. Mwaka juzi nilikuwa gadi, yaani mwangalizi wa abiria, nimekaa behewa la mwisho, na mbele yangu alikuwepo mzee mmoja na mjukuu wake. Tangu kituoni nilimwona akigeuka nyuma na simu mkononi ili ampige picha mtoto. Nilipaswa kupuliza filimbi pale pale. Sikupuliza, alikuwa mtu mzima, mpole, na mimi nimelelewa kutomkaripia mtu wa umri wa baba yangu mbele za watu. Tulipofika kwenye mzingo aligeuka tena, akaegemea upande wa nje, magurudumu ya ndani yakanyanyuka, na behewa likaacha reli na kulala ubavu. Mwendo wetu ulikuwa wa mtu anayetembea kwa haraka, kwa hiyo alichubuka kiwiko tu, na mtoto akalia kwa kupotelewa na kiatu. Nikaandika yote katika kitabu cha ajali, na katika sehemu ya chanzo nikaandika kwamba gadi aliona na akanyamaza. Siku hizi treni haiondoki hadi simu zote ziwe mfukoni, na napuliza filimbi bila kujali mvi.

Hatari nyingine isiyoonekana ni mteremko. Watu wazima 12 wana uzito unaokaribia tani moja, na wakianza kushuka wanaisukuma injini iliyo nyepesi kuliko wao. Breki ya injini peke yake haitoshi, hasa reli ikiwa imelowa. Ndiyo sababu mabehewa yetu yana breki zake, nasi huzijaribu kabla ya safari ya kwanza, si baada ya malalamiko ya kwanza.

Kuhusu nguo, nina kesi ya nyumbani. Shangazi yangu alikuja kutoka Mombasa kiangazi kilichopita, amevaa dera pana na mtandio mrefu, na kanuni yetu inasema nguo zinazoning’inia zikusanywe mbali na magurudumu. Nilimwomba kwa adabu alikunje dera na akae kama wengine. “Yaani mimi, kwa umri wangu huu, nipande kitu kama bodaboda mbele ya Wazungu?” akauliza. Nikamwambia kukaa upande hakuruhusiwi, kwa kuwa ndiko kunakopindua behewa. Akakataa katakata, akaketi kwenye benchi la kituo akihesabu abiria wanaopanda na wanaoshuka, na jioni idadi yake ilitofautiana na ya kamati kwa watu wawili. Kamati ilitafuta kosa lake ikagundua ni lake yenyewe.

Anarudi mwezi wa saba. Ameniarifu kwamba safari hii atavaa suruali ndani na kulifunga dera kiunoni kwa leso, na anataka behewa la mbele, karibu na injini, ili aone hicho kioo ambacho kaka yake hakiachi midomoni. Nimempelekea katibu ujumbe wa kuuliza kama leso inahesabiwa kuwa nguo inayoning’inia.