Neno moja kwenye fedha ya York

Katika miaka saba niliyoishi hapa York, kaskazini mwa Uingereza, hakuna kitu cha kale cha mji huu kilichonigusa kama sarafu moja ya fedha isiyofika hata gramu mbili, iliyopigwa kwa jina la Anlaf Guthfrithsson, mfalme wa Wavikingi, wale mabaharia wapiganaji kutoka Skandinavia, aliyeutwaa mji mwaka 939. Upande mmoja una ndege aliyekunjua mbawa, ambaye wengi humtambua kuwa kunguru, na kumzunguka yameandikwa maneno mawili: ANLAF CVNVNC.

Hilo la pili ndilo lililonishika. Wavikingi walipouteka mji huu mwaka 866, walikuwa watu wa mizani: bangili ilikatwa vipande ili kulipia bidhaa, na hata dirhamu, yaani sarafu za fedha, za Samarkand katika Asia ya Kati, zenye maandishi ya Kiarabu ambayo mimi Mpemba ningeweza kuyasoma, zilithaminiwa kwa uzito wake tu. Walipoanza kupiga sarafu hapa mwishoni mwa karne ya 9, waliiga za Wakristo waliowakuta. Sarafu za mfalme wao Cnut, ambazo zilijaa katika hazina ya Cuerdale iliyofukuliwa kando ya mto Ribble mwaka 1840, zina msalaba na cheo cha Kilatini, REX, yaani mfalme. Baadaye zikaja zenye jina la Mtakatifu Petro, na baadhi yake zina nyundo ya mungu Thor papo hapo karibu na jina la mtakatifu.

Anlaf aliliacha neno REX. Alichukua herufi za Kilatini, akaandikia neno la lugha ya kwao, CVNVNC, ambalo maana yake pia ni mfalme, na fedha hiyo ikapita mikononi mwa watu ambao wengi wao walisema Kiingereza. Mfua sarafu mwenyewe, ambaye jina lake liko upande wa pili, aliitwa Adelferd, na hilo ni jina la Kiingereza. Mimi ambaye wanangu hunijibu kwa Kiingereza ninaposema nao Kiswahili, nililitazama neno lile kwa muda mrefu.

Anlaf alifariki mwaka 941. Binamu yake, Anlaf Sihtricsson, aliendelea kulitumia neno hilo, lakini sarafu za Eric, mfalme wa mwisho wa Kiviking mjini hapa, aliyefukuzwa mwaka 954, zinasema tena REX.