Kontroli zangu zilikuwa zinavuta harufu: nilivyofanikiwa kupima jeni za artemisia

Jamani leo nina furaha acha niandike, maana karibu miezi minne nimeambiwa mara mashine mbovu, mara mkono wangu mbaya, mara niongeze dozi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza miche yako inakaa wapi.

Kazi yenyewe ni artemisia, ule mmea unaotoa artemisinini inayoingia kwenye dawa mseto ya malaria. Tu Youyou na wenzake kule China waliipata 1972, akaja kupewa Nobel 2015. Tatizo ni kwamba mmea unatoa kidogo mno, mara nyingi haifiki hata asilimia 1 ya jani kavu, na inatengenezwa kwenye vitezi vidogo vidogo vya juu ya jani. Mimi nilitaka kujua jeni mbili za kazi hiyo, ADS na CYP71AV1, zinapanda kiasi gani, yaani zinafanya kazi zaidi kiasi gani, ukipulizia methili jasmoneti. Jasmoneti ni homoni ambayo mmea wenyewe huitoa ukianza kuliwa na wadudu. Siku zote kuna protini zinaitwa JAZ, zimemkalia MYC2, protini nyingine inayowasha jeni, hafurukuti, sasa jasmoneti ikiingia zile JAZ zinavunjwa, MYC2 anakuwa huru anakwenda kuwasha jeni za kujilinda, na za artemisinini zimo humohumo.

Basi nikapulizia miche sita, sita mingine ikapata maji na ethanoli bila jasmoneti, ndo kontroli, yaani ya kulinganishia. Meza moja, chumba kimoja, madirisha nimefunga vumbi lisiingie. Nikatoa RNA, zile nakala zinazoonyesha jeni inafanya kazi kiasi gani, nikapima: zote zimepanda! Ukilinganisha na majani niliyochuma kabla ya kupulizia, kontroli imepanda karibu sawa na iliyopuliziwa. Nikarudia, vilevile. Dawa za kutolea RNA zinaisha, kama milioni hivi imeteketea hapo. Mkubwa mmoja wa maabara akaniambia, "Mdogo wangu, ongeza dozi tu, tofauti itaonekana." Nikaongeza mara tano. Majani yakaanza kuwa njano na kontroli ndo ikapanda zaidi kuliko mwanzo. Ushauri ule uliniuma sana, ila namshukuru kwa kitu kimoja, maana asubuhi yake nimefungua mlango wa kile chumba nikapokewa na harufu ya asumini kama nimeingia chumbani kwa bi harusi.

Nikasimama palepale mlangoni. Methili jasmoneti ni kitu cha kwenye mafuta ya asumini, kinaruka hewani, na mimi nimeifungia miche yote humo humo! Nikaenda kusoma, kumbe Farmer na Ryan walishaonyesha tangu 1990 kwamba mvuke wake peke yake unawasha jeni za ulinzi za nyanya, na walifungia nyanya pamoja na ndugu mmoja wa hii artemisia yangu, nyanya zikaitika bila kuguswa na mtu.

Kontroli nikazihamishia stoo ng'ambo ya uwanja. Hapo usihamishe miche halafu usahau taa, mwanga nao unagusa jeni hizi, kwa hiyo nilinunua taa zilezile na kuziwasha saa zilezile. Chupa ya kupulizia kila chumba yake, na kuhudumia naanza kontroli kila siku, nikishaingia kule kwa jasmoneti sirudi stoo mpaka kesho. Majani nachuma machanga ya juu, saa ileile, moja kwa moja kwenye naitrojeni ya kimiminika, ile ya baridi kali, ukichelewa yanageuka kahawia na RNA imeharibika.

Juzi nimepima: ADS imepanda zaidi ya mara tatu, kontroli imetulia tuli. Nililia kidogo.

Sasa hivi majani yanakauka nipime artemisinini yenyewe, kwa sababu jeni kupanda haina maana dawa imeongezeka, hatua ya mwisho haina hata kimeng'enya, ni mwanga na oksijeni tu. Chupa ya jasmoneti nimeifunga mifuko miwili, na kwenye chumba cha miche hairudi tena.